Butoyi si Nakala

Ofisi yetu iko Ngarenaro, ghorofani,
juu ya duka la betri na vioo vya magari.
Julai hii Meru haujavua blanketi, wiki ya tatu sasa,
na mashine ya kutolea nakala, nayo inaogopa baridi:
sharti uipashe kwa kurasa mbili tupu
ndipo ikubali kazi.

Faili la leo ni jembamba.
Mama: Konsolata Ndayizeye.
Watoto: pacha, wa kiume, miaka tisa,
wamezaliwa hukohuko kambini, Kibondo,
usiku mmoja, turubai moja, dakika ishirini kati yao.
Kwao majina ya pacha hayasumbui mtu:
wa kwanza Bukuru, wa pili Butoyi,
kama huku wengine wasemavyo Kulwa na Doto.

Ila karani, siku ya uhakiki,
aliona tarehe moja, mama mmoja, sura moja pichani,
akasema moyoni: huyu kaandikwa mara mbili.
Akabonyeza.
Simlaumu sana. Foleni ilikuwa ndefu, jua kali.

Mwezi wa saba huu, kisheria,
Butoyi hali,
haugui, hakui, hana haja ya sabuni.
Unga wa watatu umekuwa wa wawili,
na mama anaupima kwa kikombe kilichovunjika mkono.

Wakili Nanyaro akavua miwani:
"Tuandae kiapo. Nakala tatu,
zote zigongwe muhuri."
Nakala tatu, nikawaza,
kuthibitisha kwamba mtoto si nakala.

Tulichonacho: kadi ya kliniki iliyotafunwa na panya,
ukurasa wa chanjo umesalimika;
mkunga, naye mkimbizi, aliyetia dole gumba
kwamba alifunga vitovu viwili kwa uzi wa gunia moja;
na alama za vidole vya watoto wenyewe.
Hapo nilikaa kitako na kioo cha kukuzia.
Pua ileile, masikio yaleyale, hata pengo la jino,
lakini kwenye gumba la kushoto la Butoyi
mistari inapinda kama mfereji uliokuta jiwe;
ya Bukuru inapita, haina habari.
Muumba hakubonyeza mara mbili.

Alhamisi mtandao ukapatikana. Nikapiga.
Mama yuko bombani; mtoto akapokea.
"Wewe ni nani?" kalamu mkononi.
Kimya. Nikasikia kuku. Mtu anapasua kuni.
Kisha akanong'ona, Kiswahili chenye Kirundi ndani:
"Leo ni zamu yangu kuwa Bukuru."

Wanapokezana. Jumatatu mmoja shuleni,
Jumanne mwingine, na daftari ni hilohilo,
kwa hiyo kila mmoja anajua nusu ya kugawanya.
Anayebaki hatoki nje,
kwani wakionekana wawili
wanaogopa watafutwa wote.

Hilo halimo kwenye kiapo. Wakili alisema
litatudhuru, wataliita udanganyifu.
Nimeliandika hapa.

Alfajiri nikapeleka bahasha stendi, basi la Kigoma.
Kijana wa mizigo, kofia ya sufi hadi kwenye nyusi:
"Kuna nini?"
Karatasi.
"Thamani yake?"
Nikababaika. Nyuma yangu wanasukumana,
mama mmoja na ndoo ya parachichi ananiambia, dada, sema tu.
Kijana akachoka kunisubiri, akajaza mwenyewe:
elfu tano.

Bahasha ikaingia buti, kati ya parachichi na gurudumu la akiba.
Risiti halisi akabaki nayo.
Mimi akanipa nakala.